Imamu Aliyekwenda Paris



Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi wetu, wengi wetu tuna jamaa aliyeko Ulaya. Akipiga simu twamuuliza mambo mawili: baridi ikoje huko, na je, waswali? Hofu iliyomo ndani ya swali hilo la pili si ya leo.

Mwaka 1826 Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, alipeleka vijana zaidi ya 40 Ufaransa wakasome. Miongoni mwa waliotumwa kuwaswalisha alikuwa Sheikh Rifaa Tahtawi, kijana wa Azhar, umri wake kama miaka 25 tu. Yeye hakutumwa kusoma. Lakini tizameni, alijifunza Kifaransa, na aliporudi 1831 alikuwa mfasiri hodari. Kitabu chake cha safari, Takhlis al-Ibriz, kilipigwa chapa Misri mwaka 1834.

Kuna kisa kimoja humo ambacho mimi hakinitoki. Walipofika Marseille, baada ya kukaa karantini, waliingia mkahawani. Sheikh akadhani ni barabara kubwa imejaa watu, huyu aingia, yule atoka, kila upande. Kumbe ni vioo ukutani! Hakujua mpaka alipoiona sura yake mwenyewe mle ndani, katikati ya wale Wafaransa.

Yaani alikwenda kuwatizama wao, akajiona yeye.

Na hivyo ndivyo alivyoandika kitabu kizima. Anakueleza kila mtu na sahani yake, uma na kisu, watu hawali kwa mkono. Hacheki, anaeleza. Alipenda kwamba hata mafundi wa kawaida walijua kusoma na kuandika. Ukarimu wao hakuusifu, hapo aliona Waarabu wamewashinda. Na kuhusu vitabu vyao vya falsafa alionya waziwazi: mwenye kuvisoma awe ameishika Qur'ani na Sunna barabara. Lakini hakusema visisomwe, na yeye mwenyewe alivisoma.

Mwezi wa Julai 1830 Mfalme Charles wa 10 alibana magazeti, watu wa Paris wakainuka wakamwondoa. Sheikh alikuwepo mjini. Aliifasiri katiba yao kwa Kiarabu, akasema lile wanaloliita uhuru ndilo sisi twaliita uadilifu na insafu. Hebu fikirini, imamu wa Azhar amelikuta neno geni, badala ya kulikimbia ama kulimeza, akalitafutia mwenzake nyumbani.

Kisha akarudi kwao. Kairo ilifunguliwa Shule ya Lugha mwaka 1835, akaja kuwa mkuu wake, na wanafunzi wake wakafasiri vitabu kwa wingi.

Basi jamaa yako akipiga simu Ramadhani hii, muulize kuhusu baridi, muulize kuhusu swala. Halafu usikate simu. Muulize ameona nini kwa watu wale, na walipomtizama yeye, alijionaje. Na mpe muda ajibu, hata kama muadhini anakaribia kuadhini.

Wabillahi tawfiq.