Bwawa Dogo Uani: Kumfundisha Mtoto Kuhusu Maji ya Masinga

Hotuba kwa wazazi wa watoto wa chekechea wanaoishi karibu na bwawa la Masinga



Mtoto wa PP1 anayeishi karibu na bwawa ameambiwa mara nyingi asiende huko. Ameambiwa, lakini hajaelezwa. Akitazama kwa mbali, maji yametulia kama ya karai. Hajui kwamba ukingoni matope hunasa miguu, wala kwamba mna mamba na viboko. Kumkataza peke yake hakutoshi.

Jumamosi mkimaliza kufua, msimwage maji yaliyobaki. Chimbeni mfereji mfupi kwenye mteremko uani, mtoto auzibe kwa mchanga. Maji yatapenya. Azibe tena kwa udongo wa mfinyanzi, aushindilie kwa viganja, sasa yatasimama. Nguo zitachafuka tena, hilo lisiwakasirishe. Endeleeni kumimina mpaka maji yapite juu ya ukuta, kisha mwacheni atazame. Panachimbika kijia chembamba, kinapanuka, na ukuta wote unaondoka. Ukuta wa Masinga, uliokamilika mwaka 1981, nao ni wa kujazwa na kushindiliwa. Ndiyo maana umewekewa njia ya kutolea maji yanayozidi. Mtoto ajenge upya, na mara hii achimbe njia yake pembeni.

Chini ya ukuta wake mwekeeni kibanda cha majani, mmwulize wenye kibanda watapatwa na nini maji yakizidi. Atajibu mwenyewe. Maji ya Masinga hupitia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka hadi Garissa. Mabwawa haya yalipofurika mwaka 2024, wakazi wa huko chini walionywa wahamie sehemu zilizoinuka.

Jioni, tieni maji ya tope katika chupa na kuiacha ilale. Asubuhi mtoto ataona udongo umetuama chini. Bwawa nalo hujaa hivyo hivyo, kwa udongo unaotoka mashamba yasiyo na matuta. Hapo babu amshike mkono, akamwonyeshe matuta ya shamba lao na kazi yake.

Michezo hii yote ifanyiwe nyumbani, mtu mzima akiwepo, kamwe si ukingoni mwa bwawa. Mkimaliza, fukieni mfereji na kumwaga maji yote ya karai na ndoo. Mtoto mdogo huweza kuzama hata ndani ya ndoo.