Nguzo Zilizogeuzwa: Habari za Kanisa la Mkunazini, Unguja

(Maneno ya katekista mbele ya Wakristo na waalimu, Ilongero, siku ya Jubilei)



Katika siku ya furaha kama hii ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa. Mimi naomba ruhusa niwaeleze habari za kanisa moja tu, la Mkunazini, Unguja, nililoliona kwa macho yangu. Kisha nitaungama neno langu mwenyewe.

Mahali pale hapo kale palikuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifanya mapatano na Waingereza, soko likafungwa. Na siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Mwenye kuongoza kazi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Mwaka 1879 kanisa likafunguliwa.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Lakini la kustaajabisha ni paa. Sisi watu wa Ilongero twalijua paa la tembe: nguzo zenye panda hubeba boriti, boriti hubeba fito, fito hubeba udongo, na nguzo zikiliwa na mchwa, paa laanguka. Paa la Mkunazini halina boriti hata moja. Ni saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na umbo lake ni kama mzinga wa nyuki uliopasuliwa kwa urefu, ukafunikwa juu ya kuta. Uzito wake hufuata mviringo hata kushuka kutani, nazo kuta, kwa kuwa ni nene, huupokea na kuupeleka chini. Watu walidhani ya kuwa viunzi vya miti vikiondolewa, paa litaanguka. Viliondolewa, nalo halikuanguka. Liko hata leo.

Pale palipo madhabahu, inasimuliwa, ulisimama mti wa kuwapigia watumwa. Upo na msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa kijiji cha Chitambo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873.

Walakini kilichonishika zaidi ni kitu kidogo. Upande wa magharibi ziko nguzo nyembamba zilizosimamishwa juu chini. Husemwa kwamba Askofu alikuwa safarini, na mafundi, kwa kuwa hawakupata kuona nguzo za namna ile, wakazigeuza. Aliporudi hakuzibomoa. Nami nilipozitazama nikawaza: mahali ambapo mtu alipimwa kwa fedha, hapo hapo kazi ya mikono ya mtu haikutupwa, ijapokuwa ilikosea.

Sasa naungama. Mwaka jana, katika baraza letu, mimi nilisema kanisa letu la kwanza, lile la tembe, livunjwe, maana kuta zake zimepinda na latutia aibu mbele ya wageni. Mzee mmoja akanijibu, "Mwalimu, ukuta ule ni mikono yetu." Nikacheka kidogo, na waalimu wengine wakacheka pamoja nami. Yule mzee hakusema tena siku ile.

Mzee wangu, uko hapa leo. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote.

Ndugu, sisemi kila ukuta uliopinda uachwe uwaangukie watoto. Nguzo za Mkunazini zilikosewa, lakini zasimama imara. Ukuta wetu nao waweza kusimama, ukitunzwa: tubadili nguzo zilizoliwa na mchwa, tuchimbe mfereji wa kupitisha maji, tupige udongo mpya juu ya paa. Waalimu, waleteni watoto wa shule, wafanye kazi pamoja na wazee, wapate kusikia kutoka vinywani mwao ni nani aliyekata boriti ipi, na nani aliyechota maji ya udongo ule.

Mvua haziko mbali. Jumatatu, jua likichomoza, mimi nitakuwa pale na jembe langu. Atakayependa na aje.

Mungu awabariki.