Kamera Inayoitikia Kila Hodi

Fundi amepanda ngazi, amefunga kamera juu ya mlango wa duka lako, amekuonyesha picha kwenye simu, umemlipa, ameondoka. Jina la kuingilia bado ni admin. Nywila bado ni 12345, kama ilivyotoka kiwandani.

Na ipo injini inayotafuta vifaa kama hicho: mwaka 2009 John Matherly alizindua Shodan. Injini nyingine hutafuta kurasa mtandaoni. Shodan hutafuta vifaa: kamera, ruta, printa, hata mitambo ya viwanda. Hupita anwani hadi anwani ikipiga hodi, na kila kinachoitikia, jibu lake huandikwa. Na vifaa havina siri! Vikishapigiwa hodi, vingi hujitaja vyenyewe: mimi ni aina fulani, programu yangu ni toleo fulani.

Usiseme duka langu dogo, nani atanitafuta? Hakuna anayekutafuta wewe. Hodi inapigwa kwa wote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, inayoweza kuzungukia anwani zote za hadharani za IPv4 (mfumo wa anwani za intaneti) duniani kwa chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja tu.

Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilizunguka hivyohivyo. Kilipiga hodi mlango namba 23, wa Telnet, njia ya kukiamuru kifaa kwa mbali, kisha kikajaribu majina na nywila za kiwandani, jozi 60 na ushei. Hakikuvunja kitasa, ufunguo ulikuwa umeachwa mlangoni. Tarehe 21 Oktoba vifaa vilivyotekwa viliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza kompyuta kwenye tovuti mbalimbali, na kwa saa kadhaa Twitter na Netflix hazikufunguka kwa watu wengi. Wenye kamera walilala usingizi wao, hawana habari.

Nawe unaweza kujipigia hodi. Programu ya Nmap ipo tangu 1997, ni ya bure, nayo itakuonyesha milango iliyo wazi kwenye mtandao wako. Wako, nasisitiza. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa ni kosa hata kama nywila yake ni 12345.

Na kama kamera yako tayari imetekwa? Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima kifaa, kirusi kinatoka. Ukiwasha na nywila ileile, dakika chache kimerudi. Basi anza kwa kuchomoa waya wa intaneti. Zima, washa, badili nywila, ndipo uuchomeke tena.