Harufu ya Jiko Nyumbani
Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Wote



Sisi wa halmashauri twaomba masikio yenu kwa jambo ambalo huenda baadhi yenu wataliona dogo, nalo ni harufu itokayo katika jiko. Kwetu si dogo, kwani Julai iliyopita fedha za rambirambi za chama hiki zilitumika katika mazishi yaliyoletwa na jiko.

Mama wa mwanachama wetu mmoja, akaaye upande wa vilima vya Kilungu, ambako baridi ya Juni hadi Agosti huuma kuliko hapa mjini, alikoka makaa uani. Alingoja mpaka moshi ukaisha na harufu ikatoweka, ndipo akaliingiza jiko chumbani alimolala na wajukuu wawili, akafunga dirisha. Alfajiri mjukuu mmoja alikutwa amefariki. Bibi na yule wa pili walipona hospitalini baada ya kuvutishwa hewa ya oksijeni. Matangani yalisemwa mengi: chakula kibaya, malaria, hata mkono wa mtu. Bibi mwenyewe alikuwa na neno moja tu: "Lakini halikuwa linanuka."

Neno hilo halijatutoka. Maana sisi nasi, tulipowatembelea watu majumbani miaka iliyopita, tuliwashauri hivyo hivyo: ngojeni moshi uishe, kisha ingizeni jiko ndani. Ushauri ule ulikuwa wa makosa, na leo twaufuta mbele yenu.

Moshi wa makaa mapya hutoka katika vile vinga ambavyo havikuiva vizuri tanurini, na katika unyevu. Huo huchoma macho, humkohoza mtu, naye hutoka nje. Kwa hiyo humwonya. Ukiisha, kaa likawa jekundu safi, hubaki hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Nayo hutoka kwa wingi zaidi pale moto unapokosa hewa ya kutosha, kama vile tunapofunika makaa kwa majivu ili yadumu hadi asubuhi. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksijeni ikakosa pa kupanda. Mtu huona usingizi mzito, naye hudhani ni joto limemtuliza.

Wazee watatuuliza, na ni haki yao kuuliza: mbona babu zetu walilala kando ya mafiga maisha yao yote? Jibu letu li katika nyumba. Nyumba ya nyasi ilipumua. Moshi ulipenya kwenye mapaa, na hewa mbaya ikaufuata. (Hatusemi moshi ule ulikuwa mwema, uliharibu macho na vifua vya mama zetu wengi.) Leo tumejenga kwa matofali ya kuchoma na saruji, tumeweka vioo madirishani na dari chini ya mabati, nasi tunajivunia, kama ipasavyo. Lakini tumeingiza moto wa nyumba ya zamani katika nyumba isiyopumua. Wala jiko lile la bati lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, halitatuokoa. Hupunguza gharama ya makaa, ila hewa ile hutoka vilevile.

Basi pua isidharauliwe, bali ijue mipaka yake. Jiko jipya hunuka rangi na mafuta siku ya kwanza. Liwasheni nje mpaka harufu hiyo iishe. Likinuka mpira au plastiki, tazameni ni nani aliyekokea moto kwa chupa au soli ya kiatu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini desturi ya kukoka kwa takataka bado tunayo, na moshi wake ni sumu, hasa kwa mama aliyeinama juu yake akipuliza. Kadhalika vipande vya mbao vilivyopakwa rangi au dawa ya mchwa visiingie jikoni kamwe.

Harufu ya gesi ni habari nyingine. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu. Hutiwa dawa yenye uvundo makusudi, ili pua ipate cha kukamata. Makaa hayakuwekewa mlinzi wa namna hiyo. Mkisikia uvundo huo, msiwashe kiberiti, msiguse swichi ya taa, hata ya kuzima. Fungeni mtungi, fungueni milango, watoeni watoto. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo mlango wazi ni bora kuliko dirisha la juu. Mpira unaoshukiwa upakwe povu la sabuni. Penye tundu patatoa mapovu. Asiwepo wa kujaribu kwa moto, ijapokuwa tumewaona wakifanya.

Kwa makaa, dalili ni mwili wenyewe: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Wakiugua watu wawili au watatu wa chumba kimoja kwa saa moja, na wakipata nafuu wakitoka nje, msingoje kupima malaria kwanza. Watoeni penye hewa, kisha hospitali, na mwambieni daktari habari za jiko, maana asipoambiwa huenda asifikirie.

Limebaki jambo la vifaranga. Wengi wetu tunafuga kuku, na vijana wetu hulala bandani kulinda vifaranga pamoja na jiko la kuwatia joto. Tunawaomba wenye mabanda wawahamishe vijana hao usiku huu huu.

Halmashauri imeazimia kuzitembelea nyumba za wanachama kabla ya Juni, kuuliza swali moja: jiko lalala wapi? Kwa yule bibi wa Kilungu tulikwisha kufika. Lake sasa hulala uani, chini ya ghala, nasi tulimpelekea mablanketi mawili.