Afya ya Mwili na Akili ya Askari Polisi: Mafunzo Yasiishie Depo



Usiku wa tarehe 23 Agosti 2016, katika eneo la Mbande hapa Temeke, watu wenye silaha waliwashambulia askari polisi waliokuwa kazini kwenye tawi la benki. Askari wanne walipoteza maisha. Miaka mitano baadaye, tarehe 25 Agosti 2021, upande wa Kinondoni, mtu mmoja mwenye bunduki aliwaua askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi karibu na Ubalozi wa Ufaransa. Misiba hiyo ililiza mji mzima. Baada ya matanga, wenzao waliobaki walivaa sare na kurudi lindoni, na wananchi wakaendelea kukutana nao barabarani na kaunta bila kujua wamebeba nini kifuani.

Mada hii inahusu mafunzo ya askari hao waliobaki.

Askari wa Tanzania huanzia Moshi. Huko kijana huamshwa alfajiri, hukimbia mchakamchaka, huchezeshwa kwata na hutoka akiwa mkakamavu. Wanaojiendeleza kitaaluma huja chuoni Kurasini, ndani ya Temeke. Mafunzo hayo yana thamani yake, ila mwili haukumbuki jasho la miaka kumi iliyopita. Askari wa kutuliza ghasia hudumu katika mazoezi kwa sababu kazi yake yadai hivyo. Yule wa kaunta hukaa kutwa, na yule wa usalama barabarani husimama juani Mbagala Rangi Tatu akivuta moshi wa magari. Shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya mgongo huwanyemelea wote wawili. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku tano, na hazihitaji jengo wala mashine. Chuo cha polisi cha Kiganjo, nchini Kenya, kiliwahi kuwa na mwalimu wa mazoezi ya viungo aitwaye Kipchoge Keino, bingwa wa mita 1500 wa Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Si lazima kila kituo kipate Keino wake; inatosha ratiba ya zamu itambue nusu saa hiyo kuwa sehemu ya kazi.

Jambo la akili ni zito zaidi, na ndilo linaloachwa nyuma. Askari ndiye anayeokota maiti ya ajali, anayemsikiliza mtoto aliyebakwa, anayegonga mlango wa mzazi kupeleka habari mbaya. Akikiri kwamba hapati usingizi, huhofia kunyang'anywa silaha, kuhamishwa au kukosa cheo. Basi hunyamaza, au hutafuta faraja katika chupa. Hofu hiyo haiondolewi kwa semina ya siku moja. Kinachohitajika ni mshauri nasaha ambaye si mkubwa wake kazini, na utaratibu unaoeleweka kwamba kuomba msaada si kosa la kinidhamu.

Namna ya kusaidia nayo ina elimu yake. Ilizoeleka katika nchi nyingi kuwakusanya waliopatwa na janga na kuwataka wasimulie yote katika kikao kimoja. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri njia hiyo isitumike, kwa kuwa haijaonekana kuzuia madhara ya baadaye. Badala yake huhimizwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia: kumhakikishia mtu usalama, kumsikiliza bila kumlazimisha, kumkutanisha na jamaa zake na kumwelekeza kwa mtaalamu ikiwa hali haitulii. Hayo hata koplo anaweza kufundishwa. Mkuu wa kituo naye afundishwe kuona dalili mapema: mpole aliyegeuka mkali, mtanashati aliyeacha kupiga pasi sare, msema sana aliyenyamaza ghafla.

Mwananchi ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa kutenda sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mama aliyepigwa anapofika Dawati la Jinsia na Watoto saa nane za usiku, akapokewa na askari aliye macho tangu alfajiri, ukali wa jibu moja waweza kumrudisha nyumbani bila kuandikiwa maelezo. Na askari huyo huyo ana bunduki. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Kazi ya polisi imeongezeka pamoja na watu hao.

Mitaala na zamu ni mambo ya Jeshi lenyewe, na kata haina mamlaka juu yake. Hata hivyo, kata ina zahanati ambako kupima shinikizo la damu huchukua dakika chache, nayo ina Kamati ya Maendeleo inayoweza kulipeleka jambo hili kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya kama hoja ya maandishi. Temeke ina pia hazina ambayo maeneo mengi hayana: vikundi vya joging, vinavyojaza barabara Jumapili alfajiri kwa fulana za rangi moja na nyimbo. Polisi Kata aalikwe humo kama mwanachama, si kama mtu wa kulinda msafara. Atakimbia, atajulikana kwa jina, na huenda akapata mtu wa kuzungumza naye. Vikundi vilivyo tayari kumpokea vijiandikishe kwa Afisa Mtendaji wa Kata, vikitaja siku, saa na njia vinayopita, ili zamu yake ya asubuhi ipangwe mapema.