Vita vya Panzi, Furaha ya Kunguru

Natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: UGOMVI, SHARTI, HASARA, MTAZAMAJI, MAPATANO. Tutakutana nayo katika habari ya leo. Kila mtakapolisikia neno moja, litieni alama.

Leo nitawaelezeni habari za mashindano ya motokaa katika nchi ya Marekani. Msishangae. Sikuja kuwafundisheni kuendesha motokaa mbio. Nataka tutazame jinsi watu wenye mali, akili na sifa walivyogawanyika makundi mawili, wakashindana wao kwa wao muda wa miaka 12, na jinsi walivyopatana mwishoni. Habari hii ni ya kweli. Sikilizeni kwa makini, maana kesho jambo kama hili laweza kuingia katika chama chenu.

Kiwanja cha Indianapolis

Kwanza tujue ni motokaa za namna gani. Wengi wenu mmesikia habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, ambayo siku zile za mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Motokaa za Safari zina paa na milango, nazo hupita katika vumbi na matope. Motokaa ninazozisema leo ni za namna nyingine. Ni nyembamba, zina kiti kimoja tu, na magurudumu yake manne yako nje, hayakufunikwa na kitu. Mwendo wake hupita maili 200 kwa saa, yaani zaidi ya kilometa 320.

Mashindano makubwa kupita yote ya motokaa hizo hufanywa kila mwaka, mwezi wa Mei, katika mji wa Indianapolis. Kiwanja chake kilijengwa mwaka 1909. Njia yake huzunguka na kurudi ilipoanzia, na mzunguko mmoja ni maili mbili na nusu. Motokaa 33 huizunguka njia hiyo mara 200, jumla maili 500. Umbali huo ni karibu sawa na safari ya kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya, lakini wao huumaliza kwa muda wa saa tatu hivi. Mashindano ya kwanza ya maili 500 yalifanywa mwaka 1911, na mshindi alikuwa Ray Harroun.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanja hicho kiliachwa kikaota majani. Mwaka 1945 mfanya biashara mmoja, jina lake Tony Hulman, alikinunua akakitengeneza upya. Tangu hapo kikawa mali ya ukoo wake. Likumbukeni jina hilo la Hulman.

Ugomvi wa kwanza

Katika mashindano haya kuna watu wa pande mbili. Upande mmoja yupo mwenye kiwanja, pamoja na chama kinachotunga sheria. Upande wa pili wapo wenye timu, yaani wale wanaonunua motokaa na kuwalipa madereva na mafundi. Mwenye kiwanja asipopata motokaa, ana uwanja mtupu. Mwenye motokaa asipopata kiwanja, ana chuma tu kilicholala bandani. Kila mmoja humhitaji mwenzake.

Mwaka 1978 Dan Gurney, aliyekuwa dereva mashuhuri na mwenye timu, aliwaandikia barua wenye timu wenzake. Alisema kwamba wao ndio wanaotoa fedha nyingi, lakini zawadi ni ndogo, na tena hawana sauti katika mambo ya mchezo. Basi wenye timu wakaanzisha chama chao, kikaitwa CART. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Roger Penske. Likumbukeni jina hilo pia.

Mwaka 1979 chama cha zamani, USAC, kilizikataa timu sita za CART zisiingie Indianapolis. Timu hizo zikaenda mahakamani, zikapata haki ya kushindana. Baadaye pande mbili zikapata njia ya kuishi pamoja. CART ikaendesha mashindano mengi ya mwaka, na USAC ikaendelea kuyasimamia yale ya Indianapolis. Hayakuwa mapatano ya moyo, lakini yalidumu miaka mingi, na mchezo ukastawi.

Nyumba inagawanyika

Tony Hulman alifariki mwaka 1977. Mwaka 1990 mjukuu wake, Tony George, alifanywa mkuu wa kiwanja. Yeye naye alikuwa na malalamiko. Alisema gharama zimepanda mno. Alisema madereva wengi wanatoka nchi za nje, na vijana wa Marekani waliokulia katika viwanja vidogo vya mviringo hawapati nafasi. Tena alisema mashindano yanayofanywa katika barabara za mijini yamezidi, na wenye timu wanajitungia sheria wenyewe.

CART nao walikuwa na majibu yao. Walisema: sisi ndio tunaolipa gharama. Mashindano ya mijini yanatuletea watazamaji wapya. Na dereva hodari ni hodari, awe ametoka Marekani, Brazili au Kanada.

Ndugu wasikilizaji, tazameni vizuri hapo. Kila upande ulikuwa na neno la kweli. Ugomvi mgumu hauwi kati ya mwenye haki na mwizi. Huwa kati ya watu wawili wenye haki nusu nusu, na kila mmoja anaona nusu yake tu.

Mwaka 1994 Tony George alitangaza kwamba ataanzisha ligi mpya, Indy Racing League, kwa kifupi IRL. Mashindano yake yakaanza mwaka 1996. Kisha likatolewa sharti: katika nafasi 33 za Indianapolis, nafasi 25 ziwekewe wale wanaoongoza kwa pointi katika ligi yake. Wengine wote wagombee nafasi 8 tu. CART wakaona kwamba wamefukuzwa nyumbani. Wakakataa kwenda, wakaandaa mashindano yao wenyewe ya maili 500 katika jimbo la Michigan, siku ile ile na mwezi ule ule.

Ikafika tarehe 26 Mei 1996. Indianapolis palikuwa na jina kubwa na historia, lakini madereva wengi hawakujulikana na watu. Michigan palikuwa na madereva mashuhuri, lakini mashindano yao hayakuwa na historia yoyote. Tena kule Michigan, kabla bendera ya kijani ya kuanzia haijapungwa, motokaa nyingi ziligongana, ikabidi mashindano yasimamishwe kwanza. Mwishoni Jimmy Vasser alishinda Michigan, na Buddy Lazier alishinda Indianapolis. Je, nani alikuwa bingwa wa kweli? Kila mtu alijibu alivyopenda. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza.

Kunguru anakula

Wazee wetu walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Panzi wawili wakishikana, hawana nafasi ya kutazama juu. Kunguru hushuka akawaokota wote wawili.

Kunguru wa habari hii ni NASCAR, mchezo mwingine wa motokaa huko Marekani. Motokaa za NASCAR zimefunikwa, na umbo lake hufanana na motokaa za kawaida za barabarani. Kwa muda mrefu mchezo huo ulipendwa zaidi katika majimbo ya kusini. Lakini mwaka 1994 Tony George mwenyewe aliwakaribisha NASCAR kushindana katika kiwanja cha Indianapolis kwa mara ya kwanza. Na panzi walipokuwa wakipigana, NASCAR ikazidi kukua katika nchi nzima.

Mtazamaji ni mtu wa kawaida. Amefanya kazi juma zima, naye anataka kumwona dereva anayempenda. Akiambiwa kwamba dereva huyu yuko ligi hii, na yule yuko ligi ile, na kila ligi inasema nyingine si halali, huchoka. Hufungua redio yake au televisheni yake mahali pengine. Makampuni ya biashara, yanayolipa ili majina yao yaandikwe ubavuni mwa motokaa, nayo hufuata watazamaji.

Hata madereva waliondoka. Tony Stewart, kijana wa jimbo la Indiana lenye kiwanja kile, alikuwa bingwa wa IRL katika msimu wa 1996-97. Yeye alikuwa mfano hasa wa vijana ambao ligi ile iliundwa kwa ajili yao. Mwaka 1999 alihamia NASCAR.

CART nayo ilianza kumomonyoka. Mwaka 2000 timu ya Chip Ganassi ilirudi Indianapolis, na dereva wake Juan Pablo Montoya, wa Colombia, akashinda. Mwaka 2001 Penske alirudi, na dereva wake Hélio Castroneves, wa Brazili, akashinda. Mwaka 2002 Penske akahamia IRL kabisa. Wengine wakafuata, na viwanda vya injini pia. CART ikafilisika. Mwaka 2004, kwa idhini ya mahakama, baadhi ya wenye timu walinunua mali iliyobaki, wakaendelea kwa jina la Champ Car.

Mapatano

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mwaka 2005 IRL, ambayo ilianzishwa ili kuvipa heshima viwanja vya mviringo, nayo ilianza kushindana katika barabara za mjini. Na mabingwa wake? Mwaka 2003 alikuwa mtu wa New Zealand, mwaka 2004 mtu wa Brazili, na mwaka 2005 Mwingereza. Sababu za ugomvi zilikuwa zimekwisha, lakini ugomvi wenyewe ulikuwa bado upo.

Watu wengi walitumaini pande mbili zitaungana. Mazungumzo yalifanywa mara kwa mara, yakavunjika. Hatimaye, mwezi wa Februari 2008, Tony George na Kevin Kalkhoven, mmoja wa wenye Champ Car, walikubaliana kuwa na ligi moja. Timu zilizotoka Champ Car ziliahidiwa msaada wa kupata motokaa na injini, ili zisije mikono mitupu. Hilo lilikuwa jambo la busara. Ukimwita ndugu arudi nyumbani, mpe na kiti cha kukalia.

Lakini hata mapatano yalikuta mabaki ya ugomvi. Kila upande ulikuwa umekwisha kuahidi mashindano mwezi wa Aprili, mwisho wa juma ule ule: moja Motegi, Japani, na jingine Long Beach, California. Mikataba haikuweza kuvunjwa. Basi ligi moja ikafanya mashindano mawili, tarehe 20 Aprili 2008, na pointi za yote mawili zikahesabiwa. Huko Motegi Danica Patrick alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kushinda katika mashindano ya ligi hiyo. Huko Long Beach alishinda Will Power wa Australia. Mwezi wa Mei wote wakakutana Indianapolis, na mshindi alikuwa Scott Dixon wa New Zealand.

Na yale majina mawili niliyowaambieni myakumbuke? Mwaka 2009 Tony George aliondolewa katika uongozi wa kiwanja. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ukoo wa Hulman uliuza kiwanja pamoja na ligi. Aliyenunua ni Roger Penske, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa CART mwaka 1978. Mwenye timu amekuwa mwenye kiwanja.

Mchezo umeungana, na siku ya Indianapolis watu bado hujaa. Lakini mashindano mengine ya mwaka hayakurudi katika nafasi yaliyokuwa nayo kabla ya mwaka 1996. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile ya ugomvi alikuwa na miaka 22 siku ya mapatano. Katika miaka hiyo alikwisha chagua mchezo mwingine. Ligi mbili zaweza kuunganishwa kwa kutia sahihi. Watazamaji hawarudishwi kwa sahihi.

Tunajifunza nini?

Ndugu zangu, sisi hatuna motokaa za maili 200. Lakini tuna vyama vya ushirika, tuna vikundi vya kuweka akiba, tuna timu za mpira. Humo pia yupo mwenye uwanja na mwenye kutoa fedha, na kila mmoja hudhani mwenzake hawezi kuishi bila yeye. Mkigombana, kaeni chini mapema, wakati kila upande bado una kitu cha kuleta. Wale wa Marekani walipatana wakati wote wawili wamekwisha kudhoofika.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Wenye timu walilalamikia nini mwaka 1978? Tony George alilalamikia nini?
2. Sharti la nafasi 25 lilileta hasara gani?
3. Katika habari hii, kunguru ni nani? Kwa nini?
4. Je, katika chama chenu kuna ugomvi ambao sababu yake imekwisha, lakini wenyewe bado upo?

Kazi ya kuandika nyumbani: andika sentensi tano, kila moja na neno moja kati ya yale yaliyo ubaoni. Asiyeweza tano, aandike tatu. Asiyeweza tatu, aandike moja, na juma lijalo ataongeza.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.