Kiinua Mgongo Si Sadaka: Mtumishi Aijue Hesabu Yake

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mratibu wa chama mbele ya walimu, wauguzi, makarani na watumishi wengine wa Serikali katika mkutano wa wanachama wa wilaya. Tumeyachapa kama yalivyosemwa.)



Tumeagizwa tuseme juu ya kustaafu na pensheni. Tumesikia huko nyuma mzee mmoja akiuliza hawa vijana wasiofika miaka 30 wanajua nini juu ya uzee. Swali ni la haki. Lakini wazee wetu, aliyekwisha kustaafu hesabu yake imekwisha kupigwa. Hesabu inayobaki kupigwa ni yetu sisi, na ya hawa mabwana na mabibi waliokaa mbele wenye miaka 50 na 55. Basi tuvumilieni kidogo.

Neno la kwanza ni hili: pensheni si sadaka ya Serikali. Kila mwezi mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na Serikali kama mwajiri hutakiwa kutoa asilimia 15. Ile 15 nayo ni ujira wako, ila hukupewa mkononi. Ni fedha uliyoitolea jasho, ikawekwa ili ikungoje. Kwa hiyo mstaafu aendapo dirishani kuuliza mafao yake, asiende ameinama kama mwombaji. Anakwenda kudai deni.

Sasa tuje kwenye kikokotoo. Twajua jina hilo limechosha masikio. Limesemwa bungeni, limesemwa kwenye Mei Mosi, limesemwa vijiweni na misibani. Na bado, tukimwuliza mwalimu wa miaka 28 ya kazi, kikokotoo ni nini, aghalabu atajibu, "Ni ile asilimia." Hapana, ndugu. Asilimia ni namba moja katika namba tatu, na hizo mbili zisizotajwa ndizo zilizokula zaidi.

Tuchukue mwalimu mmoja, asiyekuwa na jina. Amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wake ni shilingi milioni 1 kwa mwezi, au milioni 12 kwa mwaka. Tutamwachia mshahara huo huo katika hesabu zote ili hesabu zisituchanganye.

Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya PSPF na LAPF, mshahara wa mwaka ulizidishwa kwa miezi ya kazi, kisha ukagawanywa kwa 540. Mwalimu wetu akapata pensheni ya mwaka shilingi milioni 8. Nusu yake, milioni 4, aliiuza ili apate mkupuo. Tunasema aliiuza, kwa kuwa ndivyo ilivyo: unaacha kupokea fedha hiyo kila mwaka, na mfuko unakulipa bei yake mara moja. Bei ilikuwa ya miaka 15 na nusu. Milioni 4 mara 15.5 ni shilingi milioni 62. Na ile nusu iliyobaki ikawa pensheni ya kila mwezi, shilingi 333,333.

Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ukawa mfuko mmoja, PSSSF. Kanuni mpya zikatoka, zenye mkupuo wa asilimia 25. Mnakumbuka kelele za mwisho wa mwaka ule. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliagiza kanuni za zamani zirudi hadi mwaka 2023. Watu wakapumua. Lakini Julai 2022 kanuni mpya ilianza kazi: asilimia 33, kigawanyo 580, bei ya miaka 12 na nusu. Kelele zikarudi, na katika bajeti ya mwaka 2024 Serikali ikapandisha ile 33 kuwa 40 kwa waliokuwa wakipata nusu hapo zamani, na kuwa 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Tuwe wakweli hapa: hao wa robo, waliokuwa PPF mathalani, mkupuo wao umepanda. Si kila mtu aliumia.

Turudi kwa mwalimu wetu. Milioni 12 mara miezi 360, gawa kwa 580, apata shilingi 7,448,276 kwa mwaka. Ile milioni 8 imekwisha kupungua kabla hatujagusa asilimia yo yote. Auze asilimia 40 kwa bei ya 12.5, apata mkupuo wa shilingi 37,241,379. Kila mwezi atapokea 372,414.

Mkupuo umepungua kwa shilingi 24,758,621. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa shilingi 39,081. Tumekaa na kalamu tukagawanya: ili nyongeza hiyo ya mwezi irudishe kilichopungua katika mkupuo, mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60 itampasa aishi mpaka apite miaka 112. Tunawaombea wazee wetu umri mrefu, lakini hata dua ina kiasi.

Tena angalieni jambo jingine. Ilipopandishwa 33 kuwa 40, magazeti yaliita nyongeza, na watu walipiga makofi. Kwa mwalimu wetu mkupuo uliongezeka kwa shilingi 6,517,241. Pensheni yake ya mwezi ikashuka kutoka 415,862 hadi 372,414. Zidisha tofauti hiyo kwa miezi 150, ambayo ndiyo ile miaka 12 na nusu, upate ile ile milioni 6 na nusu. Yaani fedha ni yake, imehamishwa kutoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto. Hatusemi haina faida. Mtu wa miaka 60 ana haja ya fedha leo kuliko kesho. Twasema tu kwamba 580 na 12.5 zilibaki pale pale, na hapakuwa na mtu aliyeziuliza.

Watetezi wa kanuni mpya husema mambo mawili, na yafaa tuyajibu kwa heshima.

La kwanza, husema mstaafu akipewa fedha nyingi kwa mara moja huzimaliza kwa mwaka, kisha anabaki maskini; heri apate kidogo kidogo kila mwezi. Hapana shaka wako waliomaliza. Wako pia walioibiwa na matapeli wanaopiga simu wakijifanya watu wa mfuko, na ubaya huo ungali uko. Lakini mtumishi wa Tanzania hujenga nyumba lini? Miaka 30 amepanga, au amekaa nyumba ya shule ambayo mwezi wa kustaafu hutakiwa kuiacha. Amesomesha watoto wake na wa ndugu zake. Mkupuo ndio bati, ndio saruji, ndio shamba. Kwa shilingi 372,414 za mwezi hutaezeka nyumba, maana utazila. Na kama hofu ni ujinga wa kutumia fedha, dawa yake ni mafunzo kabla ya kustaafu. Kumpunguzia mtu haki yake kwa sababu labda ataitumia vibaya, hayo ni maneno tuliyoyasikia zamani kwa mkoloni, aliyesema Mwafrika akipewa mshahara mkubwa ataulewea.

La pili ni zito zaidi. Husema kanuni ya zamani ilikuwa ya ukarimu mno, na mifuko ingekufa. Hili si la kubeza. Mnawajua wastaafu waliosubiri mafao ya PSPF miezi mingi kabla ya kuunganishwa mifuko. Mfuko uliokauka haukupi mkupuo hata ukiandikiwa asilimia 100. Lakini lazima tuulize: ulikauka kwa nini? Kabla ya mwaka 1999 mtumishi wa Serikali kuu hakuchangia. Pensheni ililipwa na Hazina. Ulipoanzishwa mfuko wa kuchangia, ulibebeshwa kuwalipa wazee hao kwa miaka yao ya nyuma, ambayo haikuchangiwa hata senti, kwa ahadi kwamba Serikali italeta fedha. Fedha haikuja kama ilivyoahidiwa. Juu ya hapo mifuko ilikopesha miradi ya Serikali. Chuo Kikuu cha Dodoma kilijengwa kwa fedha za mifuko hii. Chuo ni chema, na watoto wetu wamesoma pale. Ila mkopo ni mkopo. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni la zamani, na kwa hilo tunaipa sifa. Lakini mwenye deni alipochelewa kulipa, aliyepunguziwa posho ya uzee ni mkopeshaji. Hapo ndipo mahali pa kubishana, wala si kwamba mwalimu alikuwa na tamaa.

Na wenye shaka kwamba deni la wazee laweza kuchelewa mpaka wazee waishe, wawakumbuke watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Wafanyakazi wa reli, wa bandari, wa posta na wa ndege. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984. Zaidi ya miaka 30 baada ya kuvunjika, wazee hao walikuwa bado wanakaa barabarani Dar es Salaam wakidai haki yao. Wengi walizikwa wakidai.

Sasa umri. Sheria yetu ni hiari kwa miaka 55 na lazima kwa miaka 60. Wenzetu wa Kenya walitoka 55 kwenda 60 mwaka 2009. Wako wanaosema twende 65 kwa wote, ili mifuko ipumue. Chama katika wilaya hii hakijapiga kura juu ya hilo, lakini maoni yetu sisi tunaozunguka matawini ni kwamba jambo hilo halifai kwa mtu anayesimama darasani mbele ya watoto 90, wala kwa muuguzi wa zamu ya usiku. Profesa ni kitu kingine.

Tena liko jambo lililofungamana na umri ambalo halisemwi, nalo ni la vijana. Katika hesabu ile tumeona neno miezi. Miezi ya kazi. Wenzetu tuliomaliza nao chuo cha ualimu wako nyumbani wanangoja ajira, wengine mwaka wa 6, wengine wa 8. Wanafundisha tuisheni, wanaendesha bodaboda, wanauza vocha. Watu huona hasara yao ni mshahara wa miaka hiyo tu. Sivyo. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 atafika 60 akiwa na miezi 420. Aliyeajiriwa akiwa na 35 atakuwa na miezi 300. Wape mshahara wa mwisho ulio sawa, ule wa milioni 1, na kanuni ya sasa ya asilimia 40: wa kwanza atapata mkupuo wa shilingi 43,448,276, wa pili 31,034,483. Na kila mwezi wa uzee wake, mpaka kufa, wa pili atapokea pungufu. Kusubiri ajira ni kukatwa pensheni kabla hujaanza kuchangia. Twataka wabunge walitaje hili wanaposimama kusema juu ya kikokotoo.

Kadhalika madaraja. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kupandisha watumishi vyeo ili ihakiki watumishi hewa. Kuwafukuza hewa ni kazi njema. Lakini aliyekuwa hai naye alisimamishwa, na aliyestaafu katika miaka ile alihesabiwa kwa mshahara uliolala. Kwa mtu huyo hasara si ya mwaka mmoja au miwili. Ni ya maisha.

Kwa hiyo tunadai nini? Tunadai kwamba tathmini ya mfuko, ile hesabu ya wataalamu inayosema mfuko utadumu au hautadumu, iletwe hadharani kwa Kiswahili, na 580 na 12.5 zijadiliwe na vyama vya wafanyakazi vikiwapo. Tunadai kwamba mtumishi aliyebakiza miaka michache kustaafu asibadilishiwe kanuni njiani. Amekwisha kukopa kwa matumaini ya kanuni aliyoikuta. Na Serikali ichelewapo kupeleka ile 15, ilipe adhabu kama mwajiri ye yote.

Lakini kudai kwa mdomo na karatasi zako zimepotea ni kazi bure. Wengi hukwama dirishani si kwa sababu ya kikokotoo. Barua ya kwanza ya ajira haionekani. Barua ya kuthibitishwa kazini haikuandikwa kamwe. Jina katika cheti ni Maiko, katika kitambulisho cha Taifa ni Michael, benki ni M. Miezi kadhaa haina mchango, na mwajiri wa miaka ile amekwisha hamishwa. Mambo haya ukiyagundua ukiwa na miaka 45 ni safari mbili za makao makuu ya wilaya. Ukiyagundua ukiwa na miaka 60 ni mwaka mzima bila mshahara wala pensheni.

Basi kuanzia Jumamosi ijayo, saa 3 asubuhi, ofisi ya chama ya wilaya itakuwa wazi kwa kazi hii. Mje na barua zenu zote, hati za mishahara mlizonazo, na taarifa ya michango kutoka mfukoni. Vijana wawili wenye kalamu nzuri watakaa kuandika, na mtu asiye mwanachama asifukuzwe. Wenye miaka 50 na zaidi wapewe viti vya mbele.

Ndugu Mwenyekiti, tunaona mikono imekwisha kuinuliwa. Tuanze na yule mama muuguzi aliye karibu na mlango, ameshika barua zake tangu mwanzo.